Mkia wa 404 ya Mama Riziki

Siku mliponiaga gerejini, patron Viateri, mwenye gereji, alisoma karatasi. Alisema nilikuwa fundi hodari wa bodi, mtu wa saa, mtu wa watu, ila nilipenda urembo kuliko kazi. Mkacheka, mkapiga makofi, mkanipa saa ya ukutani ya plastiki. Nami nilicheka kwa adabu, kwa sababu mke wangu alikuwa amenishika mkono. Leo ameenda sokoni, nimekaa mezani peke yangu na kalamu, na nasema hivi: nakataa. Saa nimeipokea. Hayo maneno mengine nayarudisha.

Nawaandikia ninyi mliobaki pale mjini, mnaotengeneza magari ambayo yakigongwa hamnyooshi kitu, mnavua kipande na kuvika kingine. Sina ugomvi nanyi, ndiyo magari yaliyopo. Lakini mmeizoea ile 404 ya rangi ya maziwa iliyokuwa ikipita mbele ya geti kila asubuhi na makasha ya samaki, na mkia uliozidi kama umesahauliwa kukatwa. Nimewasikia mkiulizana ni mlevi gani aliyeitengeneza. Mlevi huyo ni mimi. Nilikuwa na akili zangu zote, na kila sentimita ya ule mkia niliijua.

Nilizaliwa Goma, nikavuka mpaka na wazazi wangu waliporudi kwao, nikiwa kijana mwenye Kiswahili kingi na Kinyarwanda cha kuchekesha. Gerejini nilimkuta Muzehe Silivani, fundi wa bodi, naye ametoka upande ule ule. Mtu mfupi, mkimya, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata wakati wa joto. Asubuhi yangu ya kwanza nilisubiri anipe nyundo. Akanipa soksi moja.

"Vaa hii," akasema.

Nikainama kuvua kiatu.

"Ya mukono, si ya muguu! Yewe, nimeletewa mutu gani?"

Nikaivaa mkononi. Akanipeleka kwenye ubavu wa gari uliopigwa rangi jana yake, unang'aa mpaka unajiona. Akaniambia nifunge macho, nipitishe mkono pole pole toka mbele mpaka nyuma.

"Macho inadanganya," akasema. "Rangi ikingaa, macho inafurahi, inasahau kazi. Mukono haidanganye. Penye utasikia bonde, simama."

Nilisimama mara tatu. Fundi aliyepiga ile rangi hakunisalimia wiki nzima. Hiyo soksi ndiyo ilikuwa kifaa changu cha kwanza, na nimevaa nyingine nyingi baada yake. Kitambaa chembamba kinaondoa joto la ngozi na kuacha umbo peke yake. Jaribuni hata kwenye plastiki zenu.

Silivani alichukia masitiki, ule uji wa kupaka juu ya bonde badala ya kulinyoosha. Alisema masitiki ni uongo yenye imekauka. Mteja akitaka haraka alimwambia aende kwa wengine, na patron, ambaye wakati huo ndiyo kwanza ameanza gereji, alikuwa akijificha ofisini asisikie. Nilimpenda yule mzee kuliko nilivyomwambia.

Siku zile magari ya zamani yalikuwa mengi, na tuliyaita kwa namba zake tu: 404, 504. Hakuna aliyetuletea ili yabaki yalivyo. Mmoja alitaka ya kubebea viazi, mwingine ya mikate yenye rafu, mchungaji mmoja alitaka spika nne juu ya paa na kiti cha kwaya nyuma. Tulikata, tukaunga, tukazalisha gari ambalo halikuwahi kutoka kiwanda chochote. Silivani alinifundisha sheria moja ya kukata, na mkisahau yote niliyoandika hapa shikeni hii. Gari la aina hiyo halina fremu chini. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kabla hujagusa msumeno, chomelea chuma cha pembe katika kila tundu la mlango, msalaba kamili. Usipofanya hivyo, ukikata paa tu, gari linalegea katikati, na milango haitafunga tena maisha yake yote. Itakuwa inalia kila shimo.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana najua mnaisubiri.

Patron Viateri alipata wazo la gari la harusi. Tuchukue 404 mbili, tuziunge, tuongeze mita moja na zaidi katikati, viti vitazamane, mapazia kwenye vioo. Wazo lilikuwa lake, mchoro ulikuwa wangu, na sitamwachia mzigo peke yake. Tulifanya kazi safi. Milango ilifunga kwa kidole. Tukaipaka nyeupe, tukaipeleka kuijaribu kwenye barabara ya kando ya ziwa, kutoka ufukweni mpaka karibu na Grande Barrière pale mpakani, na kurudi. Watu waliokuwa wakivuka mpaka waliweka mizigo chini wapige makofi. Nilikuwa nimeketi nyuma peke yangu, napunga mkono kama bwana harusi. Nilijisikia vizuri sana, siwafichi.

Harusi ya kwanza ilikuwa Nyundo, kule kilimani, kanisani.

Wanaotoka huko wameshaanza kucheka. Pale njia inapopanda kwa ghafla halafu inalala, kabla ya kufika uwanja wa kanisa, kuna nundu. Gari la kawaida halijui kama ipo. Letu lilipanda kwa heshima, pua ikavuka, kisha tumbo likakaa juu ya nundu kama ng'ombe aliyegoma. Magurudumu ya nyuma yakazunguka hewani. Nililala chali barabarani na suti yangu kuangalia, nikaona bomba la moshi limebanwa bapa na nusu ya sakafu imeegemea lami. Bibi harusi akashuka, akakusanya gauni mikononi, akamalizia njia kwa miguu. Wajomba zake wanane walilibeba gari huku kwaya imeshaanza kuimba.

Hebu fikirini. Sisi watu wa nchi ya vilima elfu tulijenga gari la nchi tambarare, kwa sababu gereji iko karibu na ziwa na barabara ya ziwa haina kilima. Hakuna hata mmoja wetu, na wote tulikuwa tumepanda Nyundo mara nyingi, aliyeuliza harusi zinafanyika wapi.

Gari lilikatwa. Nusu ya nyuma ikawa banda la kuku nyumbani kwa patron, na kuku wale waliishi na mapazia miaka mingi. Patron akatukusanya.

"Kuanzia leo, hapa hatutengeneze bijou," akasema. "Tunatengeneza voiture ya kazi. Mutu akitaka bijou aende kwa sonara."

Jumatatu yake Silivani alinipandisha Nyundo kwenye basi, mfukoni ana kamba ya katani. Hakunilaumu. Tulinyoosha ubao juu ya nundu, tukapima kwa kamba: urefu wa mwinuko, urefu wa mteremko, kina cha bonde lililo chini yake. Kila kipimo akafunga fundo. Watu waliotuona Jumamosi walipita wakituuliza kama tumekuja kuzika gari. Alinikabidhi kamba.

"Hii njo barabara," akasema. "Kata gari, lakini kwanza uliza hii."

Miaka ikapita ya viazi na mikate. Silivani akastaafu, akawa anakaa karibu na ufuko kuangalia mitumbwi ikirudi na sambaza, dagaa wa ziwa letu. Mimi nikawa fundi mkubwa wa bodi, na sikuruhusiwa hata kurudisha pambo la kromu kwenye taa. Ndipo akaja Mama Riziki.

Alikuwa mwuza sambaza, mrefu, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya ghuba. Alipeleka samaki kwenye majiko ya shule za Nyundo, kwa basi, mabeseni magotini. Mumewe alikuwa dereva wa teksi ya 404, naye alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Gari lilikuwa uani, limekaa juu ya matofali.

"Fundi," akaniambia, "ni we ulitengenezaka ile ya harusi yenye ilikwama?"

"Njo mimi, Mama."

"Bon. Basi we unajua penye gari inakwama. Njo maana nakutafuta."

Hakuna mtu aliyewahi kuniajiri kwa sababu hiyo. Nikamtolea kigoda.

Alitaka 404 ya mumewe ikatwe iwe ya kubeba samaki, lakini kiti cha mbele kibaki kile kile chekundu, taa zibaki na kromu zake, na rangi iwe ya maziwa kama siku walipooana. Shemeji yake Bonifasi na wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kikao. Walisema gari liuzwe kama chuma chakavu. Yeye akagoma mpaka wakampa sharti: gari litengenezwe, lipande Nyundo likiwa limejaa samaki, Bonifasi mwenyewe ndani. Likishindwa, linakwenda kwa wauza chuma siku ile ile. Na mnajua gari likishakatwa halirudi kuwa teksi.

Kisha akangoja wenzangu watoke kwenda kula. Akatandika katoni sakafuni, akavua viatu, akalala chali, mikono kifuani.

"Pima mi," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mtu akiingia ghafla angesema nini?

"Pima, Fundi! Bwana yangu walimubeba mu camionnette ya kubeba muchanga. Haikukuwa na urefu. Miguu ya sanduku ilitoka inje, wakafunga na kamba, na mi nilitembea nyuma naangalia ile kamba mupaka kwa kaburi. Mi sitaki. Nitaenda na voiture yangu, mulango imefungwa. Na usiambie mutu. Wakijua, watasema nimejiloga."

Nikaapa, nikampima kwa ile kamba ya Silivani, maana futi yangu ilikuwa mbali na macho yalikuwa yamejaa maji. Nikafunga fundo kisiginoni, nikaongeza upana wa kiganja kichwani na mwingine miguuni kwa ajili ya sanduku. Nilipopeleka kwenye futi ilisoma mita mbili.

Kutoka mgongo wa kiti chekundu mpaka bampa ya nyuma, 404 ile ilikuwa na mita moja na sitini. Zilizobaki ni sentimita arobaini. Hizo ndizo mlizokuwa mkizicheka.

Patron alipoona mchoro wangu alivua miwani.

"Mukia hii ni ya nini?"

"Ya kazi, patron."

"Samaki inaomba mita mbili? We Anastazi, unataka unirudishe kwa ile kilima? Kata kwa bampa."

"Sikate."

"Unasema?"

"Nasema sikate. Iko kazi ya ile mama yenye we haujue, na sitakuambia."

Akasema basi nichague: bampa au mlango wa kutokea. Nilivua soksi mkononi, nikaitundika kwenye msumari, nikamwambia anifukuze. Nilimaanisha. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, lakini nilimaanisha. Hakunifukuza, na msidhani ni huruma. Hakuwa na mtu mwingine wa kukata 404 bila milango kulia. Akasema tu kwamba likikwama, yeye hanijui.

Na lingekwama. Hilo ndilo lililoninyima raha, kwa sababu kamba ilikuwa imeshaniambia. Ukirefusha gari katikati, tumbo linakaa kwenye nundu. Ukirefusha mkia, unaburuta kwenye bonde lililo chini ya mwinuko, pale pua inapoanza kupanda. Nilichora usoni mwa karatasi, nikachora mgongoni mwake, nikakosa pa kuziweka sentimita arobaini. Nikashuka ufukweni kwa Silivani. Sikumwambia siri, nilimwonyesha mafundo tu. Aliyapitisha vidoleni, kisha akanyoosha kidevu kuelekea mtumbwi uliokuwa unavutwa nchi kavu.

"Angalia mwisho yake," akasema. "Iko murefu. Juu ya nini haichimbe muchanga?"

Kwa sababu mwisho wa mtumbwi unainuka. Nimezaliwa kando ya ziwa hili na sikuwahi kuuona.

Nilirudi nikichora njiani. Juu zile mita mbili zikabaki, lakini chini nikaukata mkia uinuke kidogo kidogo kutoka ekseli kwenda nyuma, mpaka bampa ikasimama juu kuliko bampa ya gari lolote. Nikafunga misalaba milangoni, nikakata paa, nikaunga mihimili miwili mirefu kutoka chini ya kiti mpaka mkiani, nikaweka springi za vyuma bapa nilizovua kwenye 404 ya mizigo iliyokufa. Sakafu nikaitoboa matundu ya kutoa maji ya samaki, nikaipa mteremko wa kidole kimoja, na kati ya sehemu ya mizigo na kiti chekundu nikaweka ukuta wa bati wenye mpira wa tyubu kila ukingo, harufu isipite. Kromu nilizing'arisha kwa majivu nyumbani kwangu.

Mkia ule ulioinuka ulikuwa mzuri. Nauliza sasa, patron: ule ulikuwa urembo au kazi? Nionyeshe mahali kimoja kinapoishia na kingine kinapoanzia, nami nitarudisha saa yako ikiwa bado inatembea.

Siku ya sharti, makasha yalijaa mpaka juu. Bonifasi alikaa upande wa dirisha, mikono amekunja, Mama Riziki katikati, mimi kwenye usukani. Rugerero tulipita vizuri. Kwenye bonde chini ya kanisa nilipunguza, pua ikaanza kupanda, nikangoja ule mlio wa chuma. Haukuja. Kwenye nundu nikangoja tena. Tukafika uwanjani, njiwa wakaruka. Bonifasi akashuka, akazunguka gari zima, akapapasa kiti chekundu.

"Bon," akasema. "Inapanda."

Mama Riziki alicheka mpaka akashika ukuta wa kanisa. Tangu siku hiyo lile gari lilifanya kazi kila asubuhi, na Jumapili lilioshwa na kwenda misani. Baadaye bintiye Riziki akachukua usukani. Magari ya kisasa yalikuja, yakachoka, yakaenda. Ninyi mkaja, mkacheka mkia. Mimi nilikuwa nimeapa, nikanyamaza, na sijui kama kuna kazi ngumu niliyofanya gerejini kuliko kunyamaza huko.

Mwezi wa pili baada ya mimi kustaafu, Riziki alinipigia simu kuhusu mama yake. Sikumwacha amalize. Nilivaa suti, nikachukua kamba kwenye sanduku langu la vifaa.

Uani nilikuta gari la kukodi, jipya, jeupe, lenye mapazia. Bonifasi, sasa mzee wa fimbo, ndiye aliyelitafuta, na alilitafuta kwa mapenzi, namtetea. Riziki alikuwa amesimama mbele ya 404.

"Mama alisema ataenda na hii," akawa anarudia. "Aliniambia wiki iliyopita. Alisema Fundi anajua."

"Ya samaki?" Bonifasi akasema. "Ashwi da, hapana! Shemeji yangu, mu harufu ya samaki? Na sanduku itaingia wapi? Miguu itatoka inje, kama ya ndugu yangu."

Nilifungua mlango wa nyuma wa 404. Nikashika kamba, mwanzo wake kwenye ukuta wa bati, fundo la Mama Riziki na viganja vyake viwili vikaishia kwenye kitasa. Kisha nikatembea mpaka kwenye sanduku, mbele ya watu wote, nikalipima kwa kamba ile ile. Bonifasi alitazama kamba, akatazama mkia. Niliona anapoelewa.

"Tangu wakati ule?" akauliza.

"Tangu mbele sijakata bati, Mukubwa."

"Na mi nilisema wauze chuma," akasema, na akalia bila kuficha uso. Alikuwa wa kwanza kushika kishikio cha sanduku.

Liliingia. Nilifunga mlango kwa kidole kimoja, na kilichobaki kati ya sanduku na kitasa kilikuwa upana wa vidole viwili. Bonifasi alikaa kwenye kiti chekundu, akavuta pumzi puani kama mtu anayetafuta kosa. Alisema kinanuka kiti tu.

Tulipofika kwenye mwinuko wa Nyundo nilimwomba Riziki, aliyekuwa kwenye usukani, asimame. Nikashuka. Nyuma yetu kulikuwa na msafara wa pikipiki na mabasi, na patron Viateri alikuwa ndani ya gari lake, namshukuru alikuja. Nikamwambia Riziki, twende, pole pole. Nami nikalala kifudifudi juu ya lami, na suti yangu, shavu barabarani, mbele ya padri na wafiwa wote. Nilisikia mtu akisema masikini, uchungu umemzidi Fundi. Hapana. Nilikuwa kazini.

Bonde likapita. Nundu ikapita. Kati ya chuma na lami niliona mwanga, unene wa kiganja, kutoka mwanzo wa gari mpaka mwisho wa mkia.

Patron alishuka akanisaidia kuinuka, akanipangusa vumbi kifuani. Aliuliza kwa sauti ya chini kama gari limegusa lami.

"Haikugusa, patron," nikamwambia.